Kufundisha Vihami kwa Kutumia Koili za Mota

Wanachuo wengi wanapoandaa somo la vipitishi na vihami vya umeme huridhika kuleta darasani kijiti, kijiko, sarafu, kipande cha raba, betri za tochi na balbu yake. Vitu hivyo hujaribiwa kimoja baada ya kingine, na ubaoni huandikwa safu mbili: vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Somo la namna hiyo si baya, nasi hatulikatazi. Lakini mwishoni mwa kipindi tukiwauliza wanafunzi kihami hufanya kazi gani, jibu tunalopata karibu kila mara ni moja: hutukinga tusipigwe na umeme.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Hebu tuifikirie mota ya mashine ya kusaga. Hakuna mtu anayezigusa koili zake inapozunguka, kwani zimefungiwa ndani ya gamba la chuma. Hata hivyo kila unyuzi wa shaba uliomo humo umevikwa kihami tangu mwanzo wake hadi mwisho. Kama kazi ya kihami ingekuwa kumkinga mtu tu, lile gamba la nje lililounganishwa na ardhi lingetosha, na viwanda visingejisumbua kuvika kila unyuzi. Kumbe kihami kina kazi ya pili, ambayo vitabu vyetu huipitia haraka: kuuongoza mkondo upite njia tuliyoitaka sisi, na si njia nyingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vifaa vichache na bila kuugusa umeme wa nyumbani.

Tulilazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa moja kumwangalia mwanachuo akifundisha sumaku ya umeme. Maandalio yake yalikuwa safi. Alikuwa na msumari wa inchi 4, betri mbili, sahani ya pini, na waya tuliompa sisi. Waya huo tuliupata kwa fundi wa kusuka mota, aliyekuwa amezitoa koili zilizoungua na kuzitupa pembeni. Mwanachuo aliuzungusha waya kwenye msumari kwa uangalifu, mzunguko kando ya mzunguko, akaunganisha betri, akausogeza msumari kwenye pini. Haukuinua hata moja. Akabadili betri, mambo yakawa yale yale. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akasema kwa upole, "Mwalimu, labda msumari huu ni mbovu." Mwanachuo alitazama saa, akageukia ubao, akaandika sentensi iliyokuwa katika maandalio yake: *Sumaku ya umeme huvuta vitu vya chuma.* Wanafunzi wakainakili, ingawa macho yao yalikuwa yameona kinyume chake.

Hilo la kunakili ndilo lililotusumbua kuliko ule msumari. Mtoto anayeandika asichokiona, kwa kuwa mwalimu amekiandika, amefundishwa jambo baya zaidi kuliko kutokujua sumaku ya umeme.

Baada ya kipindi tuliuchunguza waya. Tulipousugua kwa kidole, masizi yalibaki kidoleni. Hapo tulikumbuka kwamba mafundi wengi huzichoma koili kwa moto ili zilegee na kutoka kwa urahisi katika mifereji ya chuma. Utando wote wa kihami ulikuwa umeteketea, na waya tuliompa mwanachuo ulikuwa shaba tupu. Mizunguko yote ya msumari wake iligusana, na badala ya kuzunguka mara kadha wa kadha, mkondo ulivuka moja kwa moja kutoka unyuzi hadi unyuzi na kupitia katika msumari wenyewe. Kwa mkondo huo ilikuwa kana kwamba hakuna koili.

Kosa hili si la aibu, maana wataalamu wa kwanza wa sumaku za umeme walikumbana na jambo hilo hilo. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alionyesha chuma kilichokunjwa mfano wa kwato la farasi, kilichozungushiwa waya wa shaba. Waya wake ulikuwa mtupu. Alichopaka vanishi ni kile chuma. Kwa hiyo ilimlazimu kuiachanisha mizunguko ili isigusane, na mizunguko michache tu ndiyo iliyoenea. Sumaku yake iliinua uzito wa kilo 4 hivi, jambo lililowashangaza watu wa wakati ule. Kisha huko Albany, Marekani, akatokea Joseph Henry, mwalimu wa hesabu na sayansi katika shule ya mji huo. Henry aliugeuza mpango: badala ya kukivika chuma, aliuvika waya, akauzungushia hariri kote. Sasa mizunguko iliweza kubanana, na hata kupandana tabaka juu ya tabaka. Sumaku aliyokitengenezea Chuo cha Yale mwaka 1831 iliinua zaidi ya kilo 900. Mwaka huo huo alitengeneza chombo kidogo kilichochezacheza kwa nguvu ya sumaku ya umeme, ambacho ni miongoni mwa mota za mwanzo kabisa. Na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Michael Faraday, kule London, alizungushia koili zake kwenye pete ya chuma akizitenganisha kwa ugwe na kitambaa cha pamba. Mwanachuo aone hapa kwamba kutoka kilo 4 hadi kilo 900 hatua moja kubwa ilikuwa ni kihami, na aliyeipiga alikuwa mwalimu wa shule.

Sasa tulitazame somo lenyewe. Tunashauri lianze na waya wenyewe, kabla ya msumari. Wape wanafunzi kipande cha waya mpya wa koili, ule mwembamba unaong'aa rangi ya dhahabu iliyoiva au hudhurungi. Waulize: je, waya huu umevikwa kitu au ni mtupu? Karibu wote watasema ni mtupu, kwa kuwa wamezoea kihami cha plastiki kinene chenye rangi. Waunganishe betri, balbu na waya huo bila kuzikwangua ncha zake. Balbu haitawaka. Kisha wasugue ncha zote mbili kwa msasa mpaka shaba nyekundu ionekane, waunganishe tena, balbu itawaka. Usiwaeleze kitu kwa dakika moja au mbili. Waache wabishane. Tumeona mara nyingi kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayesema, "Kumbe kuna kitu juu yake." Utando huo ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari, lakini umekatiza umeme wa betri sawasawa kabisa na kipande cha mti.

(Mwanachuo atakayesahau kuzikwangua ncha katika somo lolote la koili atashindwa kama tulivyoshindwa sisi, ila kwa sababu iliyo kinyume. Hili ni kosa la kawaida kabisa.)

Baada ya hapo lete misumari miwili iliyo sawa. Mmoja uzungushiwe waya wenye utando, mizunguko 150 hivi, kwa tabaka mbili au tatu. Mwingine uzungushiwe waya uliosuguliwa wote kwa msasa, au ule uliochomwa na fundi, kwa idadi hiyo hiyo na kwa kubananisha vile vile. Jaribu kwanza misumari kabla ya kuunganisha betri, kwa maana msumari uliowahi kutumika huweza kubaki na usumaku kidogo ukaharibu ushahidi. Kisha unganisha kila koili kwa zamu na betri mbili pamoja na balbu ya tochi katika sakiti hiyo hiyo.

Tunasisitiza balbu hiyo. Vitabu vingi huunganisha betri na koili peke yake, na waya huwa ni mfupi na ukinzani wake ni mdogo mno, hivyo betri huchoka upesi na waya hupata moto, uwe na utando au usiwe nao. Balbu huuzuia mkondo usizidi. Zaidi ya hayo, humwonyesha mtoto jambo ambalo maneno hayawezi kulionyesha: katika misumari yote miwili balbu inawaka kwa mwanga ulio karibu sawa. Mkondo unaotoka kwenye betri ni ule ule. Lakini msumari mmoja unainua pini kadhaa, na mwingine hauinui. Kwa hiyo mtoto hawezi kusema kwamba umeme haukufika. Umefika; umepita pengine.

Hapa ndipo swali gumu litakapoulizwa, na mwalimu ajitayarishe: "Umeme unajuaje pa kupita?" Tusijibu kwamba umeme huchagua njia fupi, kana kwamba una akili ya kuchagua. Mkondo hupita katika kila njia iliyo wazi, ila mwingi hupita penye ukinzani mdogo. Mfano unaotusaidia ni wa mfongo wa kumwagilia, kama ile ya mitelemko ya Kilimanjaro. Maji huongozwa yazunguke kufuata ubavu wa mlima, shamba baada ya shamba, na kinachoyashika ni kingo za udongo. Kingo zikibomoka, maji hayapotei. Huteremka moja kwa moja bondeni, na mashamba ya mbele hukauka. Utando wa waya ni ule ukingo. Mfano huu una mpaka wake, maana maji huvujia ardhini lakini mkondo wote hurudi kwenye betri. Mtoto mwepesi ataliona hilo, na apongezwe.

Kutoka kwenye msumari twende kwenye mota. Kama kuna fundi karibu na shule, ni vema akubali kuwaonyesha wanafunzi mota iliyofunguliwa na isiyounganishwa na umeme. Wataona kwamba koili hazikupachikwa katika chuma hivi hivi. Kila mfereji wa chuma umetandikwa karatasi ngumu kwanza, kwa sababu kingo za chuma ni kali na zingeweza kuukwaruza utando wakati wa kuingiza waya. Katika mota za fezi tatu, koili za fezi moja hutenganishwa na za nyingine kwa karatasi nyingine tena, kwa kuwa kati ya fezi na fezi kuna volti 400 hivi, ilhali kati ya mzunguko mmoja na jirani yake katika koili ile ile kuna volti chache tu. Ndiyo maana utando mwembamba unatosha hapa, na karatasi inahitajika pale. Ncha zinazotoka nje huvikwa mirija, na vichwa vya koili hufungwa kwa uzi imara.

Mwisho wa yote huja vanishi. Koili huzamishwa ndani yake au humiminiwa, huachwa zichuruzike, kisha hukaushwa kwa joto. Mwanachuo mmoja alituandikia katika maandalio yake kwamba vanishi hiyo ni rangi ya kuzuia kutu. Shaba haishiki kutu kama chuma, na hiyo siyo kazi yake. Vanishi huingia katika kila upenyo uliobaki na kuzigandisha nyuzi zote ziwe kitu kimoja, zisitikisike wala kusuguana mota inapozunguka; huzuia unyevu usiingie; nayo husaidia joto la shaba kutoka nje kwa kuwa hewa iliyokwama kati ya nyuzi haipitishi joto vizuri. Siku hizi vanishi hizo hutengenezwa viwandani kwa kemikali, lakini kwa faida ya wanafunzi wa pwani tunaongeza kwamba katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa katika mwambao wetu ilisafirishwa kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, na ilisifika sana kwa utengenezaji wa vanishi za samani na magari ya farasi.

Adui mkubwa wa kihami ni joto. Mwalimu hana haja ya kuwapa watoto majedwali, bali yeye mwenyewe ayajue. Vihami vya mota hupangwa kwa madaraja kufuatana na joto vinavyoweza kulistahimili: daraja A, ambalo ni la pamba, hariri na karatasi zilizoloweshwa vanishi, mwisho wake ni nyuzi 105 za Selsiasi, daraja B ni 130, F ni 155 na H ni 180. Mota nyingi za sasa ni za daraja F. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kwamba joto la kihami likipanda kwa nyuzi 10 hivi, umri wake hupungua kwa nusu. Kihami hakifi ghafla. Hukauka, hupasuka, huwa kama mkaa, na mkaa hupitisha umeme. Mahali pawili panapogusana huwa ndiyo mwanzo, kwa kuwa katika mota inayotumia umeme unaogeukageuka, mzunguko uliojifunga wenyewe huzalishiwa ndani yake mkondo mkubwa kupita kiasi, ukaunguza jirani zake.

Mambo haya yana maana vijijini. Unga unaorundikana juu ya mota ya kusagia hulizuia joto lisitoke, nayo mota huiva polepole. Fezi moja ikikatika, mota hunguruma bila nguvu na koili zilizobaki hubeba mzigo usio wake. Mota iliyokaa msimu mzima wa mvua bila kutumika hunyonya unyevu. Fundi mwangalifu huipima kwanza kwa kifaa kinachotoa volti 500, mafundi hukiita mega, kuona kama ukinzani kati ya koili na chuma umeshuka chini ya megaomu 1. Ikiwa umeshuka, huikausha kwanza, pengine kwa kuiwekea balbu kubwa ya joto ndani yake kwa saa nyingi. Mota ikiungua, kijiji kizima huenda kusaga mbali, na mara nyingi wanaotumwa na madebe kichwani ni hawa hawa wanafunzi wetu.

Liko jambo moja la usalama tusiloweza kuliacha. Baada ya somo hili watoto watataka kutafuta waya wa shaba. Wengine tayari huuchoma kwenye majalala ili wauze shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moshi wa vihami vinavyoungua una sumu, na wa plastiki ni mbaya zaidi. Mwalimu awaambie hivyo waziwazi, wala asimtume mtoto yeyote akachome waya kwa ajili ya zana za darasani. Wanafunzi wasifungue mota wala pampu nyumbani, kwa kuwa mota za fezi moja nyingi zina kapasita inayoweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mashine kuukuu zenye nyuzinyuzi nyeupe kama pamba ngumu zisiletwe darasani kabisa, maana katika baadhi yake kihami kilikuwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Kwa darasa zima, mita 20 za waya mpya kutoka kwa fundi zinatosha, na waya huo ukihifadhiwa juu ya kigogo au chupa bila kukunjwakunjwa utatumika miaka mingi.

Mwanachuo wetu alirudi darasani juma lililofuata. Tulikubaliana aanze kwa kuwaambia wanafunzi ukweli: kwamba waya wa juma lililopita ulikuwa umechomwa, kwamba waliompa waya huo ni wakufunzi wake, na kwamba msumari haukuwa mbovu. Alizunguka madawati na nyaya mbili, wakazisugua kwa vidole na kuona masizi. Kisha akaendesha jaribio la misumari miwili na balbu. Pini zilipoinuka kulikuwa na kelele ambayo hakuna aliyejaribu kuizuia. Kipindi kilipokaribia kwisha, msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza kama waifute ile sentensi waliyonakili. Mwanachuo alifikiri kidogo, akawaambia waiache ilivyo, na chini yake kila mmoja aandike kwa maneno yake kwa nini siku ile msumari haukuvuta.